Dian Fossey, mwanamke aliyewaombea sokwe wa Virunga daktari

Katika safu ya volkano za Virunga, mahali inapokutana mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wapo madaktari wa wanyama ambao mgonjwa wao haletwi hospitalini. Daktari ndiye anayemfuata mgonjwa. Hupanda mlima kwa saa kadhaa akiwa na dawa mgongoni, huku wasaka nyayo wakimfungulia njia kwa panga, mpaka amkute sokwe aliyenaswa na tanzi la waya au anayekohoa katikati ya kundi lake. Akiona hapana budi, humdunga dawa ya usingizi kutoka mbali, humtibu papo hapo juu ya majani yenye umande, kisha husogea kando na kusubiri mpaka mnyama azinduke na kurudi kwa wenzake. Shirika la hisani linaloifanya kazi hiyo, Gorilla Doctors, linahudumu katika nchi zote tatu, na kwa sokwe wa milimani mpaka hauna maana yoyote: leo kundi liko Rwanda, wiki ijayo linakula mianzi upande wa Kongo.

Kazi hiyo ilitokana na ombi la mwanamke wa Kimarekani ambaye hakuishi kuliona likitimizwa. Wengi hulifahamu jina la Dian Fossey kwa sababu ya mauaji yake, au kwa sababu ya filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake mwaka 1988. Hufahamika kidogo kwamba ndoto yake ya kwanza ilikuwa ni kuwatibu wanyama, na kwamba aliishindwa akiwa bado kijana.

Alizaliwa San Francisco, katika jimbo la California, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake walitengana angali mdogo, mama akaolewa tena, na baba wa kambo, mtu wa biashara ya ujenzi, hakuwa na ukaribu na mtoto huyo. Alipofika umri wa kwenda chuo kikuu alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, kwenye masomo ya kumwandaa mtu kuwa daktari wa wanyama. Fizikia na kemia zikamshinda. Akahamia chuo kingine, San Jose, ambako mwaka 1954 alihitimu katika fani ya kuwasaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu kumudu shughuli zao za kila siku. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi hiyo katika hospitali ya watoto mjini Louisville, jimbo la Kentucky, akiishi shambani miongoni mwa mifugo na mbwa.

Mwaka 1963 alikopa benki dola 8,000, fedha nyingi mno kwa mshahara wake, akaja Afrika kutembea. Alipita Kenya na Tanganyika, akafika bonde la Olduvai, ambako mtafiti Louis Leakey alikuwa akifukua mabaki ya kale. Huko aliteleza akavunjika kifundo cha mguu, lakini hakukatiza safari. Majuma machache baadaye, akichechemea, alipanda hadi Kabara upande wa Kongo, akaongozana na wapigapicha Alan na Joan Root, na kwa mara ya kwanza akawaona sokwe wa milimani.

Leakey aliamini kwamba mtu mwenye subira anaweza kujifunza mengi kwa kukaa karibu na wanyama hao, hata kama hana shahada ya sayansi. Alikwisha kumpeleka Jane Goodall kwa sokwe mtu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1966 alikutana tena na Fossey huko Louisville, akamkubali. Inasimuliwa kwamba alimshauri akatolewe kidole tumbo kabla ya kwenda kuishi mbali na hospitali, na Fossey alipokwisha kupasuliwa akapokea barua iliyoeleza kuwa ulikuwa mtihani tu wa kupima dhamira yake. Mtihani huo mtu anaweza kuucheka au kuukasirikia. Yeye alifungasha mizigo.

Kambi yake ya kwanza ilikuwa Kabara, mwanzoni mwa mwaka 1967, na haikudumu. Mwezi Julai mwaka huo Kivu iliingia katika machafuko ya uasi, na tarehe 9 askari walipanda mlimani wakamteremsha yeye na wafanyakazi wake. Alizuiliwa Rumangabo kwa muda wa wiki mbili hivi. Alitoroka kwa kuwahonga walinzi, akavuka mpaka na kufika Kisoro, Uganda, kwenye hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye aliuzunguka mlima akaingia upande wa Rwanda, na tarehe 24 Septemba 1967 akapiga mahema katika uwanda ulio kati ya milima Karisimbi na Bisoke, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi. Kwa kuunganisha majina ya milima hiyo miwili akaiita kambi Karisoke.

Jambo moja huachwa kando katika masimulizi mengi ya Kizungu, nasi hatuna sababu ya kuliacha. Lugha ya kazi kati ya Fossey na wasaidizi wake wa Kinyarwanda haikuwa Kiingereza wala Kifaransa. Ilikuwa Kiswahili, alichokiokota Kongo na kukizungumza kwa lafudhi yake mwenyewe. Ndiyo maana orodha ya sokwe aliowapa majina inamshtua kidogo msikilizaji wa Kiswahili: yumo Macho, jike mwenye macho makubwa, yumo Simba, ambaye naye ni jike, yumo mtoto Kweli. Kwa Kinyarwanda sokwe hao huitwa ingagi, na yeye mwenyewe wenyeji walimpa jina la Nyiramacibiri, ambalo baadaye liliandikwa juu ya kaburi lake.

Alijifunza namna ya kuwasogelea kwa kujishusha: kutembea kwa magoti, kujikuna, kutafuna majani, kutotazamana nao usoni kwa muda mrefu. Ilichukua miaka. Mwezi Januari 1970 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la National Geographic, na mwaka huohuo dume mmoja kijana aliyemwita Peanuts alinyosha mkono akaugusa mkono wake. Baadaye alipata shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Hadi wakati huo watu wengi duniani walimdhani sokwe kuwa mnyama mkali anayewinda watu. Kazi ya Karisoke ndiyo iliyoonyesha kwa undani maisha ya familia zao.

Lakini tayari mwaka 1969 alikuwa ameonja jambo lililombadilisha. Bustani ya wanyama ya mji wa Köln, Ujerumani, ilitaka sokwe wa milimani, na watoto wawili wakakamatwa Virunga kwa ajili hiyo. Walifikishwa kwake wakiwa mahututi, mmoja akiwa na vidonda vya kamba, akawapa majina ya Coco na Pucker. Kwa hesabu yake, ili kuwapata watoto hao wawili waliuawa sokwe 18, kwa kuwa kundi halimwachi mtoto wake achukuliwe. Aligeuza chumba kimoja cha kibanda chake kuwa wodi, akawalisha maziwa, akawapa dawa, akalala nao. Walipona. Walipopona wakachukuliwa wakapelekwa Köln, na yeye hakuweza kuzuia. Wote wawili walikufa huko mwaka 1978, wakipishana kwa muda mfupi tu.

Tangu hapo hakuwa tena mtafiti wa kuandika na kunyamaza. Aliona hatari mbili zikiwazunguka sokwe. Ya kwanza ilikuwa ardhi: mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa na kugawiwa kwa kilimo cha pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu kwa soko la Ulaya. Ya pili ilikuwa mitego. Tanzi nyingi hazikuwalenga sokwe kabisa. Ziliwekwa kwa ajili ya pongo na paa, nyama ya kitoweo. Sokwe akiingiza mkono humo, kamba au waya hukaza, kidonda huoza, na mnyama hupoteza vidole, mkono au uhai. Fossey aliwatazama wakifa hivyo bila daktari wa kuwasaidia.

Kati ya sokwe wote aliowajua, mmoja alikuwa rafiki. Alimwita Digit kwa sababu kidole chake kimoja kilikuwa na kasoro. Alimkuta akiwa mdogo, katika kundi ambalo halikuwa na rika lake wa kucheza naye, na pengine ndiyo sababu mnyama huyo alimgeukia binadamu. Picha yake ilitumiwa hata kwenye tangazo la kuwaalika watalii Rwanda. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili sita wenye mbwa walilivamia kundi lake. Digit, aliyekuwa sasa dume mlinzi, alibaki nyuma kuwakabili huku wenzake wakikimbilia juu mlimani. Alichomwa mikuki mara tano, kichwa na mikono vikakatwa. Kundi lilinusurika. Simba alikuwa na mimba yake, na miezi michache baadaye akazaa.

Habari hiyo ilitangazwa katika taarifa ya jioni ya televisheni ya Marekani, fedha zikaanza kumiminika, na hapo ukaanza mgogoro ulioendelea mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1978 Fossey aliunda mfuko wa hisani uliobeba jina la rafiki yake, Digit Fund. Alitaka kila senti iende msituni: mishahara, viatu, chakula na mahema ya watu wa kuzunguka wakiharibu mitego. Mashirika makubwa ya hifadhi yalikuwa na mpango mwingine, ulioanza mwaka 1979, wa kuwafunza askari wa hifadhi, kuelimisha wanavijiji na kuwazoesha sokwe wengine kutembelewa na watalii ili serikali ipate faida ya kuwatunza. Sehemu ya fedha zilizochangwa Uingereza kwa huzuni ya Digit zilikwenda kwenye mpango huo, jambo ambalo Fossey aliliona kuwa ni kuibiwa maiti.

Kwa upande wa mitego alikuwa na ushahidi. Kwa hesabu ya kambi yake, mwaka 1979, katika miezi minne, doria ya wafanyakazi wake wanne tu iliharibu mitego 987. Ni kazi ya kuinama siku nzima katika mvua na upupu. Watu wanne hao, na wengine waliowatangulia na kuwafuata, ni Wanyarwanda ambao sehemu kubwa ya majina yao haimo katika filamu.

Mwezi Julai 1978 kundi la Digit lilishambuliwa tena. Kiongozi wake, Uncle Bert, alipigwa risasi, na Macho pia. Mtoto wao Kweli, wa miaka mitatu hivi, aliokoka akiwa na jeraha la risasi begani. Kwa miezi mitatu walimtazama akidhoofika, na mwezi Oktoba akafa. Kumlaza usingizi mtoto wa sokwe porini, kumtoa risasi na kumrudisha salama kwa kundi lake kulihitaji daktari, dawa na ujuzi ambao Karisoke haikuwa navyo.

Baada ya vifo hivyo Fossey alitenda mambo ambayo hayapambiki. Aliwafunga majangili waliokamatwa na kuwachapa kwa mimea ya kuwasha, aliteketeza vibanda na mali zao, aliwatisha kwa vinyago na uchawi wa kuigiza, aliwapiga risasi ng'ombe walioingizwa hifadhini, na safari moja alimshikilia mtoto wa mtu aliyemtuhumu kwa ujangili. Watu hao, wengi wao Batwa na wakulima maskini, walikuwa wameliona eneo la msitu wao likigawiwa pareto na sehemu iliyobaki ikifungwa wasiiguse. Yeye, aliyeweza kusoma huzuni kwenye uso wa sokwe, hakuwa na subira hiyohiyo kwa jirani yake wa bondeni. Wanafunzi wake walimkimbia, wakuu wa hifadhi walichoka naye, na mapafu yake, yaliyoharibiwa na sigara na baridi ya mlimani, yalimfanya apande njia ya kambi kwa shida. Kati ya mwaka 1980 na 1983 alikaa Marekani katika Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza kitabu chake, Gorillas in the Mist, kisha akarudi.

Ni katika miaka hiyo ya mwisho alipotoa lile ombi. Hesabu ya sokwe wa Virunga, ambao mwaka 1960 walikadiriwa kuwa kati ya 400 na 500, ilikuwa imeshuka hadi 250 hivi, naye aliamini kwamba wangetoweka kabla ya mwaka 2000. Alizungumza na Ruth Morris Keesling wa Morris Animal Foundation, shirika la hisani la Marekani linalogharimia tiba ya wanyama, akamwomba amletee daktari. Hakuomba mtafiti mwingine. Keesling alianza kutafuta fedha na mtu.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 Dian Fossey aliuawa kwa panga ndani ya kibanda chake. Alikuwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka 54. Fedha zilizokuwamo hazikuchukuliwa. Mtafiti mwenzake wa Kimarekani alihukumiwa kifo na mahakama ya Rwanda mwaka uliofuata akiwa hayupo nchini, akakana siku zote. Msaka nyayo wa zamani aliyekamatwa kwa kesi hiyohiyo alifia gerezani. Walio wengi kati ya waliolichunguza jambo hilo hawajaridhika na majibu hayo. Alizikwa kambini, katika makaburi aliyokuwa amewachimbia sokwe, kando ya Digit.

Daktari wa kwanza, James Foster, aliwasili Rwanda mwaka 1986, majuma machache tu baada ya mazishi. Kituo chake kilianza na mtu mmoja. Mwaka 1988, ulipozuka ugonjwa wa kifua ulioshukiwa kuwa surua, sokwe walichanjwa porini, jambo lililokuwa geni kabisa. Wapo wanasayansi waliopinga na wanaoendelea kuuliza: mnyama wa mwitu akitibiwa na binadamu, bado ni wa mwitu? Madaktari wenyewe wamejiwekea mpaka. Hawaingilii mapigano ya madume wala uzee. Huingilia madhara yaliyoletwa na mtu, kama tanzi na mafua ya kuambukizwa, au pale uhai unapokuwa hatarini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba makundi yaliyolindwa kwa karibu kila siku na kutibiwa yalikuwa yakiongezeka kwa asilimia 4.1 kwa mwaka, wakati yale yasiyozoeshwa binadamu yalipungua.

Tukitazama nyuma, Fossey alikosea juu ya utalii. Fedha za wageni ndizo zilizoifanya Rwanda kuwathamini sokwe hata baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, yaliyofuatwa na miaka ambayo kambi ya Karisoke iliporwa na kubomolewa, na tangu 2005 sehemu ya mapato hayo hurudi kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Lakini hakukosea kuhusu hatari ya wageni hao: kikohozi cha mtalii kinaweza kuua sokwe, na sehemu kubwa ya kazi ya madaktari leo ni kuhakikisha binadamu hasogei karibu mno. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2019 zilifikisha sokwe wa milimani 1,063, ukijumlisha wa Virunga na wa Bwindi, Uganda. Digit Fund ilibadilishwa jina mwaka 1992 na kubeba jina lake. Makao yake ya utafiti sasa yako Kinigi, na inafanya kazi pia mashariki mwa Kongo. Gorilla Doctors, kwa upande wake, inashirikiana na shule ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha California, Davis, chuo kilekile ambako msichana mmoja aliwahi kuanguka mitihani ya kemia.

Watoto wa sokwe yatima, nao, hawapelekwi tena Ulaya. Walio upande wa Kongo hulelewa Senkwekwe, kituo kilichopewa jina la dume aliyeuawa mwaka 2007, na madaktari hao huvuka mpaka kwenda kuwatibu. Hapo ndipo sokwe Ndakasi, aliyeokotwa mwaka huohuo wa 2007 akiwa ameung'ang'ania mwili wa mama yake, alipokufa mwezi Septemba 2021, mikononi mwa mlezi wake wa miaka yote. Kituo hicho kiko Rumangabo.